Kompyuta Ikihangi: Inafanya Kazi au Inangoja?

Unachapa barua ya kuomba kazi. Umeandika "Kwa heshima na taadhima", lakini skrini imegota kwenye "Kwa he". Unabonyeza tena, safari hii kwa hasira kidogo. Zinapita sekunde tatu, kisha herufi zote zinamwagika kwa mkupuo, zile za hasira zikiwemo. Katika saiba za Majengo jijini Nairobi, kuanzia Digo Road mpaka ukingoni mwa soko la Gikomba, hukumu huwa ni moja kati ya mbili: ina virusi, au iongezwe RAM. Pengine ni kweli. Lakini herufi zile zimeshatoa ushahidi ambao hakuna aliyeuangalia. Zimechelewa, ila hazikupotea.

Hazikupotea kwa sababu kila kitufe kinapobonyezwa, mfumo endeshi hukiandikisha papo hapo kwenye foleni. Kihariri cha maandishi, kiwe Word, Notepad++ au VS Code, huchukua kimoja kimoja kutoka humo, hubadilisha maandishi, kisha huchora skrini upya. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na mkondo mmoja tu wa programu. Ni fundi cherehani aliye peke yake kibandani: ukimwachia pazia la mita 10, anayetaka kushonewa kifungo atakaa kwenye benchi mpaka pazia liishe. Windows ikiona dirisha halijagusa foleni yake kwa sekunde 5, hulififisha na kuandika kwamba halijibu. Wengi hapo hulifunga kwa nguvu, na barua isiyohifadhiwa ikaenda nalo, ilhali pengine lilibakiza sekunde chache tu.

Uvumilivu wetu nao ni mfupi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta kutoka Denmark, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ametenda mwenyewe. Likipita sekunde moja, mawazo yake hukatika. Kihariri kisichohimili sehemu hiyo ya kumi kinachosha kuliko kilichozimika kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, kuna swali moja la kuuliza: kilipoganda, kilikuwa kinafanya kazi au kilikuwa kinangoja? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, halafu utazame prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski wakati ugonjwa ukiendelea. Kutazama baada ya mambo kutulia hakusaidii kitu.

Kwenye kompyuta za mtumba, ambazo ndizo nyingi mtaani, diski ndiyo mshukiwa wa kwanza. Fikiria mashine yenye RAM ya GB 4. Mteja amefungua tovuti za serikali za iTax na eCitizen, pamoja na WhatsApp, kwenye kivinjari, na barua yake iko nyuma. RAM ikijaa, mfumo huhamishia diskini yale yasiyoguswa kwa muda, na barua ni mojawapo. Akiirudia, lazima isomwe upya kutoka huko. Diski ya kuzunguka ya laptopu nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, na kichwa cha kusomea nacho kina safari yake. RAM hujibu kwa nanosekunde kama 100 hivi. Tofauti inapita mara laki moja, na kurasa za kurudishwa ni maelfu. Dalili yake haifichiki: diski imefika asilimia 100, prosesa inapumzika, na barua inaganda pale tu unapotoka kwenye kivinjari. Hapa aliyesema "ongeza RAM" ana haki yake. Hata kubadilisha diski na kuweka SSD kutasaidia, maana hiyo haina kinachozunguka. Na kuhusu virusi, mara nyingine anayeishughulisha diski ni programu ya kuzuia virusi yenyewe, ikikagua kila faili linalohifadhiwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaoijua saa. Asubuhi mashine ni nyepesi, saa nane mchana inajikokota. Vumbi la Gikomba limeziba feni, joto limepanda, na prosesa inajipunguzia mwendo isiungue. Task Manager huonyesha kasi ya sasa pamoja na kasi ya msingi; ya sasa ikikaa chini ya msingi wakati kazi imebana, tafuta brashi na bisibisi. RAM mpya haitapoza chochote.

Kesi inayowahadaa hata wajuzi ni ya prosesa inayosomeka asilimia 25. Inaonekana ina nafasi tele. Lakini kama ina viini vinne, robo hiyo huenda ni kiini kimoja kilichojaa pomoni, na ndicho kinachobeba foleni yetu. Kihariri kinafanya kazi kwelikweli, tena kazi nyingi mno. Wanaojifunza kuandika programu hukutana na hili kwenye rangi za msimbo, kwa sababu rangi hizo hupatikana kwa kulinganisha maandishi na ruwaza, na ruwaza mbaya hurudia njia ileile mara nyingi kupita kiasi. Tarehe 20 Julai 2016, tovuti ya Stack Overflow ilizimika kwa dakika 34 kwa kosa la namna hiyo: ruwaza iliyokusudiwa kuondoa nafasi tupu ilikutana na nafasi kama 20,000 mfululizo, ikafanya ulinganisho karibu milioni 200. Faili lenye mstari mmoja mrefu ajabu linaweza kukitenda hivyo kihariri chako. Idadi ya mistari nayo ina makali yake. VS Code iliandika upya hifadhi yake ya maandishi mwaka 2018 baada ya faili la MB 35, lenye mistari milioni 13.7, kumeza takriban MB 600 za kumbukumbu, kwa kuwa kila mstari ulitunzwa pamoja na taarifa zake za pembeni.

Vim, kihariri chepesi kinachozifaa sana mashine hizi kuukuu, kimebeba vifaa vyake vya uchunguzi. Aliyekitengeneza, Bram Moolenaar wa Uholanzi, alikitoa mwaka 1991, kisha mwaka 1994 akaenda kujitolea kwenye kazi za maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda. Mpaka alipofariki Agosti 2023, aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa Kibaale badala ya kumlipa yeye. Ukikifungua kwa amri ya vim --startuptime ukifuatisha jina la faili, Vim huandika humo kila hatua ya kuamka ilikula milisekunde ngapi. Rangi zikichukua zaidi ya sekunde 2, huziacha chenyewe. Na vim --clean hukianzisha bila plagini wala mipangilio uliyoongeza mwenyewe. Wepesi ukirudi, mkosaji huenda ni plagini.

Yupi sasa? Zima nusu ya plagini. Zikiwa 32, ukizima 16 utajua mkosaji yuko upande gani. Kisha 8, 4, 2, 1. Raundi tano zinatosha. Kuzizima moja moja kwa kubahatisha ndiko kunakomaliza siku ya watu.

Linabaki lile linaloudhi kuliko yote: prosesa imetulia, diski imetulia, RAM ipo, na Word bado imeganda. Hiyo inangoja kitu kilicho nje yake. Huenda ni folda ya kompyuta nyingine iliyozimwa, au flashi inayokufa. Mara nyingi ni printa. Word hutaka kuiuliza printa iliyowekwa kuwa ya kawaida kuhusu karatasi na kingo zake ili ipange kurasa, na printa hiyo imechomolewa tangu juzi. Chagua ile ya kutolea PDF iwe ya kawaida, ufungue barua upya.