Gari lililoundwa kushindana lisigeuzwe pambo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, lakini methali hiyo ingepata mtihani mgumu mbele ya gari moja lililoundwa Marekani mwaka wa 1968. Gari hilo lilikabidhiwa mnunuzi likiwa limepakwa rangi ya chini tu, ile ambayo fundi hutangulia kuipaka kabla ya rangi yenyewe. Halikuwa na redio. Halikuwa na kiti cha nyuma. Halikuwa na dhamana ya kiwanda. Hata hivyo lilipata wanunuzi, na leo machache yaliyosalia hugombewa minadani kwa malaki ya dola. Jina lake ni Dodge Dart, na mashabiki huliita Hemi Dart kwa sababu ya injini iliyotiwa ndani yake.

Nimechagua kulizungumzia gari hili si kwa matumaini kwamba mwalimu au mwanafunzi yeyote atalinunua. Nalizungumzia kwa kuwa linatuuliza swali ambalo sisi tunaoshughulika na elimu hatuwezi kulikwepa: thamani ya chombo hutokana na kazi kinayoifanya, au hutokana na jinsi kilivyokingwa na kazi hiyo?

Tuanze na asili yake. Wamarekani wana mchezo wa mbio za magari ambao huisha kabla mtazamaji hajapepesa macho mara nyingi. Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka. Taa ya kijani ikiwaka, huchomoka kama mishale hadi mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona, hakuna mlima, hakuna mzunguko wa pili. Chama cha mchezo huo, NHRA, kiliasisiwa mwaka wa 1951. Kufikia miaka ya sitini, viwanda vikubwa vilikuwa vimetambua kwamba vijana waliomshangilia mshindi mwishoni mwa juma walifika madukani muda si mrefu kutafuta gari linalofanana na lake. Wafanyabiashara wakawa na msemo wao: ashindaye Jumapili huuza Jumatatu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kanuni za madaraja ya magari ya kiwandani zilitaka gari liwe limeundwa kwa idadi maalumu na kuuzwa kwa umma, ili mtu asije uwanjani na kioja alichojitengenezea peke yake. Kampuni ya Chrysler ikaitii kanuni hiyo kwa ujanja ulio halali. Tayari ilikuwa na injini kubwa ya lita 7, ambayo mwaka wa 1964 ilimpa Richard Petty ushindi katika mbio za Daytona 500. Jina Hemi linatokana na umbo la chumba cha kuchomea mafuta, ambalo ni kama nusu ya tufe. Umbo hilo huacha nafasi ya valvu kubwa, nazo valvu kubwa huiruhusu injini kuvuta hewa nyingi. Wahandisi waliichukua injini hiyo, iliyozoea kukaa katika magari makubwa, wakaishindilia katika Dart, gari dogo la matumizi ya kawaida. Waliunda takriban Dart 80, pamoja na ndugu zake wa aina ya Plymouth Barracuda takriban 70. Kazi ya kuyageuza kuwa magari ya mashindano ilifanywa na kampuni ya Hurst katika jimbo la Michigan.

Ukiyachunguza magari hayo, utaona kwamba ustadi wa waundaji wake ulikuwa katika kupunguza. Boneti na madigadi ya mbele yalikuwa ya faibaglasi. Milango ya chuma ilitumbukizwa katika asidi ili chuma kiliwe na kubaki chembamba. Vioo vya madirisha navyo vilikuwa vyembamba, na mikono ya kuvizungusha iliondolewa, hata ikawa dereva hukiinua kioo kwa ukanda. Viti vya mbele vilikuwa vile vyepesi vya gari la mizigo la kampuni iyo hiyo. Kipasha joto kiliachwa, na vitu vya kuzuia kelele vikaachwa pia. Betri, ambayo kwa kawaida hukaa mbele, ilihamishiwa kwenye buti ili uzito wake uyagandamize magurudumu ya nyuma, yale yanayolisukuma gari.

Mwalimu wa fizikia ana somo zima hapa. Newton alitufundisha kwamba ukitaka kuongeza mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyozidi, una njia mbili: ama uongeze kani inayosukuma, ama upunguze tungamo la kitu kinachosukumwa. Waundaji wa Hemi Dart walizitumia zote mbili. Mwalimu na aendelee na hesabu. Mwaka ule wa 1968 gari hilo liliweza kukamilisha mita 402 kwa takriban sekunde 10.5. Mwendo wake wa wastani basi ni mita 38 kwa sekunde, sawa na kilomita 138 kwa saa. Lau mwendo ungeongezeka kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, gari lingevuka mstari likiwa na mwendo maradufu ya huo, yaani kilomita 276 kwa saa. Lakini lilivuka likiwa na kama 210 hivi. Tofauti hiyo imetoka wapi? Mwanafunzi atakayetafakari atagundua kwamba sehemu kubwa ya mchapuko hutokea mwanzoni. Kadiri gari linavyozidi kwenda kasi, ndivyo uwezo ule ule wa injini unavyoshindwa kuuongeza mwendo kama awali, na upepo nao unazidi kulikinza. Ndiyo sababu mashindano haya aghalabu huamuliwa na namna dereva anavyoondoka.

Waundaji wake hawakumficha mnunuzi jambo lolote. Viwango vya kwanza vya kitaifa vya usalama wa magari vilianza kutumika Marekani tarehe 1 Januari 1968, na gari hili halikuvitimiza. Kwa hiyo kila moja lilibandikwa ilani kwamba halikuundwa kwa matumizi ya barabara za umma. Aliyelinunua alijua amenunua chombo cha kazi moja. Ronnie Sox, dereva aliyesifika kote Marekani kwa ustadi wa kubadilisha gia kwa mkono, alishindana kwa Barracuda ya aina hiyo hiyo, na umati ulikuja kumwona akifanya kazi.

Sasa tuje kwenye mnada. Mkusanyaji wa leo anapolikagua gari hilo, hatangulii kuuliza linakimbia vipi. Huuliza kama nambari zake zinaanza kwa herufi na tarakimu zinazostahili, kama injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kama milango ni ile ile iliyolambwa na asidi. Maswali hayo si ya upuuzi, kwa maana bei kubwa imewavutia walaghai wanaochukua Dart ya kawaida na kuivika sura ya Hemi. Lakini tazama matokeo yake. Gari lililoshindana kwa bidii lilipasua injini, likatiwa nyingine. Liligonga ukuta, likabadilishwa madigadi. Hilo ndilo lililotimiza wito wake, na ndilo linaloshushwa bei. Lile lililofungiwa ghalani na mwenyewe, lisiwahi kunusa moshi wa uwanjani, ndilo linalopandishwa juu ya zulia na kupigiwa makofi. Mvivu amevishwa taji, mchapakazi ameambiwa ana makovu.

Haki yanitaka niseme kwamba wakusanyaji wana hoja. Kama kila gari lingeshindana hadi kusagika, leo tusingejua Hemi Dart ilitoka kiwandani ikiwa na sura gani. Baadhi ya wakusanyaji wamekuwa waaminifu kiasi cha kuyarudisha magari yao katika rangi ile ile ya chini, bila kuongeza urembo ambao hayakuzaliwa nao. Anayehifadhi nakala moja safi ili wengine wajifunze kwayo anafanya kazi ya mwalimu. Ugomvi wangu ni na yule anayedhani kwamba kuhifadhi chuma ni kuuhifadhi ujuzi. Ujuzi wa kuiwasha injini ile, kusikiliza kabureta zake mbili, na kulizuia gari lisiteleze linapoondoka, hauishi katika chuma. Unaishi katika mikono na masikio ya watu, na watu hao wakifa bila kuwafunza wengine, gari lililo kamili kwa kila parafujo litakuwa bubu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba njia ya kati ipo. NHRA iliyatengea magari haya ya 1968 daraja lake mahususi, liitwalo SS/AH, na hata katika karne hii Dart na Barracuda zenye umri wa zaidi ya nusu karne zimekuwa zikishindana, nyingine zikimaliza robo maili kwa muda usiofika sekunde 9. Zimeshinda kasi zilizokuwa nazo ujanani, kwa sababu kizazi baada ya kizazi cha mafundi kimeendelea kuzisoma.

Nasi Wakenya tusidhani somo hili ni la ughaibuni tu. Mashindano yetu ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na yalipotimiza miaka 50, mwaka wa 2003, yakaanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale. Tangu hapo Ford Escort, Datsun na Porsche za enzi zilizopita zimerudishwa kwenye vumbi na tope lililozipa sifa. Anayesimama kando ya barabara akaiona Datsun ya zamani ikiruka tuta huelewa kwa dakika moja jambo ambalo picha kumi ukutani haziwezi kumweleza.

Nimewahi kufundisha katika shule moja iliyokuwa na hadubini nzuri sana. Zilikaa kabatini zikiwa zimefunikwa kwa plastiki, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja. Siku ya wageni zilitolewa, zikapangwa mezani, wageni wakastaajabu, kisha zikarudishwa. Mtihani wa vitendo ulipowadia, wanafunzi walizishika kama mtu ashikaye yai la kuazima, na wengine hawakujua waweke jicho wapi. Hadubini zilikuwa mpya kabisa. Wasichana na wavulana wale ndio waliolipa gharama ya upya huo.

Basi rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Tuwe na daftari la kutunza vifaa, tuwe na kabati, na tuwe na kifaa kimoja cha akiba ambacho hakiguswi ovyo. Lakini vilivyobaki vitoke, vishikwe, vichubuke, na vikivunjika tujifunze kuvitengeneza. Nanyi wanafunzi, mnapopita mbele ya kabati lililofungwa, mwombeni mwalimu ufunguo kwa adabu, na msichoke kuuomba. Waundaji wa Hemi Dart waliondoa redio, kiti na rangi ili kibaki kitu kimoja tu, kazi. Chombo cha namna hiyo kikinyimwa kazi, hakuna kingine kilichobaki ndani yake cha kuheshimiwa.