RELI IPO LILONGWE, ABIRIA YUKO WAPI?



Jumapili moja tulitoka Lilongwe kwenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, kuzungumza na wenzetu wanaoishi makazi yale ya wakimbizi. Safari haifiki hata kilomita 60, lakini ndani ya minibasi tulibanana mpaka magoti yakagusa kidevu. Basi mazungumzo yakaanza na nauli, yakaishia kwenye treni.

Wazee kadhaa wa Kivu na Burundi walisimulia jinsi walivyovuka Ziwa Tanganyika, wakapanda gari la moshi Kigoma, daraja la tatu, pamoja na watoto na mizigo yao. Wengine walipanda TAZARA hadi Mbeya. Kutoka Mbeya kuja Karonga mpaka Dzaleka hakuna reli. Kijana mmoja akauliza: "Lilongwe reli ipo. Mbona msafiri hana treni?"

Swali hilo ni letu sote, wa kiwandani na wa shambani.

Reli ya kwanza ya nchi hii ilifika Blantyre mwaka 1908. Ile ya kwenda bandari ya Nacala ikaungwa mwaka 1970. Njia ya kutoka Salima ilifika Lilongwe mwaka 1979, na mwaka uliofuata ikafika Mchinji, mpakani na Zambia. Mwaka 1999 serikali ilikabidhi uendeshaji wa reli kwa kampuni binafsi. Mwaka 2003 mafuriko yakabomoa daraja la mto Rivirivi, karibu na Balaka, na njia ya Blantyre ikakatika. Leo kazi kubwa ya reli ni mizigo. Makaa ya mawe ya Moatize hupita kusini mwa Malawi kwenda Nacala, lakini mtu wa Lilongwe anayekwenda Blantyre hungoja basi.

Kwa nini? Mwenye kampuni hupiga hesabu. Tani ya mzigo humlipa vizuri. Abiria wa nauli ndogo hamlipi. Behewa la watu lataka taa, maji, vyoo, walinzi na makarani. Bila fedha ya umma kuziba pengo, behewa la abiria ndilo la kwanza kuachwa likate kutu.

Lakini hesabu hiyo ni ya upande mmoja. Malawi hununua mafuta yake yote nchi za nje. Fedha za kigeni zikipungua, foleni hujaa vituoni na nauli hupanda siku hiyo hiyo. Mshahara haupandi. Treni moja hubeba mamia ya watu kwa mafuta machache kuliko msururu wa minibasi. Nani anayeiandika faida hiyo daftarini?

Tazameni Tanzania. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, kwa muda wa saa nne hivi. Nauli ya kawaida ya Dar hadi Dodoma ilipangwa shilingi 31,000. Mwaka 2025 mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, ulitiwa saini. Wenzetu wa Burundi walifurahi kusikia hayo. Reli hizo zinajengwa kwa fedha nyingi za mikopo, na deni hulipwa na wananchi. Ndiyo sababu mwananchi ana haki ya kudai kiti.

Tusidanganyane. Treni haitamwondolea mkimbizi sharti la kibali cha kutoka kambini. Hilo ni dai jingine, nalo tutaendelea kulisema. Wala hatuombi treni ya fahari.

Tunachotaka ni mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa reli utakaotiwa saini uandike idadi ya safari za abiria kwa wiki, na nauli ambayo mchuma chai wa Thyolo na mpakiaji wa tumbaku wa Kanengo wanaiweza. Pili, fedha ya kuziba pengo itajwe waziwazi. Tatu, mafundi na walinda njia wawe na ajira ya kudumu, kwa maana mafuriko hayangoji kibarua aitwe.

Jadilini jambo hili katika matawi yenu kabla mikataba haijafungwa. Mtoto asiyelia hapewi ziwa.

Umoja ni nguvu.