Mwache kijana asome kwanza anachokipenda

Julai 17, 2024, Baba Mtakatifu Fransisko alitia saini barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni alikusudia kuwaandikia wanaojiandaa kwa upadre, kisha akaona neno hilo linamhusu kila Mkristo. Nadhani ni barua chache za Papa zilizopita kimya kama hiyo. Waamini wengi wa kwetu hawajui hata kama ipo, nasi mapadre hatukuihubiri sana.

Ndani yake kuna kisa kinachowahusu walimu na wazazi. Fransisko, aliyetutoka Aprili 21, 2025, aliwahi kuwa mwalimu wa fasihi. Mwaka 1964 na 1965, akiwa bado hajapadrishwa, Mjesuiti kijana Jorge Bergoglio alifundisha katika shule ya shirika lake mjini Santa Fe, Argentina. Muhtasari ulimtaka afundishe El Cid, utenzi wa kale wa Kihispania kuhusu shujaa wa vita. Wavulana wakanuna. Wao walimtaka García Lorca, mshairi wa karne ya 20.

Mwalimu angeweza kupiga meza. Ndiyo njia tuliyoizoea. Yeye aliamua hivi: El Cid mtausoma nyumbani, na hapa darasani tutazungumza juu ya waandishi mnaowapenda. Wakaanza na vitabu vya siku zao. Anasema kwamba kadiri walivyosoma, walionja utamu wa fasihi yenyewe na wakasogea hadi kwa waandishi wengine. Moyo ukishaonja hutafuta zaidi.

Hakuishia hapo. Mwaka 1965 alimwalika Jorge Luis Borges, mwandishi mkubwa wa Argentina na mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa, ambaye macho yake yalikuwa karibu yamezima. Mzee yule akasafiri kwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari. Hadithi fupi walizotunga vijana hao zikachapwa kitabu, na utangulizi akauandika Borges mwenyewe. Mzazi unayesoma hapa, fikiri mwanao wa kidato cha nne angejisikiaje.

Kwetu hali ni nyingine. Tuna riwaya nzuri zilizoteuliwa kwa shule. Takadini ya Ben Hanson inamhusu mama anayetoroka kijijini usiku ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inawahusu watoto wa maskini mjini. Lakini muulize mwanafunzi kama amesoma. Mara nyingi amesoma uchambuzi, kile kijitabu chembamba chenye dhamira, wahusika na ujumbe, kinachouzwa kando ya barabara. Atakutajia dhamira saba za kitabu ambacho hajakifungua, na katika mtihani wa Taifa anaweza kupata alama nzuri. Simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi sabini na nakala nne. Ila tusijidanganye kwamba huko ni kusoma. Mtoto aliyeambiwa ujumbe kabla ya hadithi ni kama mgeni aliyesimuliwa pilau mlangoni akaondoka na njaa yake.

Najua hofu ya wazazi: je, akichagua mwenyewe atachagua uchafu? Sisemi kila kitabu kinafaa kila umri, na yaliyomo kwenye simu zao yananikosesha usingizi kuliko riwaya yoyote. Lakini anayetaka kijana asome tu yasiyo na dhambi ndani yake itambidi amnyang'anye na Biblia. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasimulia jinsi Daudi alivyomchukua mke wa askari wake na kupanga mauaji ya mumewe. Sura mbili mbele, Tamari anabakwa na ndugu yake, na baba yao mfalme anakasirika lakini hafanyi lolote. Roho Mtakatifu hakuona haya kuacha hayo yaandikwe.

Katika Matendo ya Mitume sura ya nane, towashi wa Kushi anasoma ndani ya gari lake naye haelewi. Filipo anamuuliza kama anaelewa, kisha anapanda na kuketi kando yake. Hakumnyang'anya gombo.

Mama mmoja wa jumuiya alinijia ofisini na kitabu alichokifunga ndani ya kanga. Alikikuta chini ya godoro la binti yake. "Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, hiki nikichome au nikuachie?" Kilikuwa Rosa Mistika. Jina lake limetoka katika Litania ya Bikira Maria, na mwandishi wake, marehemu Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, alisoma Seminari ya Nyegezi. Kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye kikaingizwa katika masomo. Ni habari ya binti aliyelelewa na baba mlevi, Zakaria, mkali kupita kiasi kwa mabinti zake. Rosa anapokwenda shule ya bweni hajui kujilinda, anaharibikiwa, na mwisho anajiua.

Nikamuuliza mama kama amekisoma. Hakuwa amekisoma. Nikamwomba akisome kwanza, tena asimfiche binti.

Alikaa nacho wiki mbili. Aliporudi hakuulizia tena habari ya kuchoma. Alisema, "Baba, huyu Zakaria namfahamu," akanyamaza kidogo, nami sikumuuliza ni nani. Kisha akaniambia kwamba yeye na binti wanabishana kila jioni wakiosha vyombo. Mama anashikilia kwamba Rosa alionywa akajitakia. Binti anasema Rosa hakuonywa, alipigwa tu, na kwamba hayo ni mambo mawili. Hawajakubaliana bado. Binti ameomba kitabu kingine cha Kezilahabi, na mama anataka akisome yeye kwanza.