Barabara mbovu si lazima itangulie

Kila mwaka wa fedha unapofunguliwa mwezi Julai na mitambo ikaingia kazini, manung'uniko huwa yale yale. Gari la lami linaonekana kwenye barabara ambayo bado inapitika bila shida, ilhali mtaa wa pili, wenye mashimo ya kumeza tairi la bajaji, hauguswi. Watu wanahitimisha kwamba kule kuna kigogo anayekaa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, mhandisi aliyepanga hivyo amepanga sawasawa, na alichokosea ni kutowaeleza wananchi sababu.

Kwanza tujue mlango wa kubisha. Wengi wetu Tanzania Bara bado tunapeleka madai ya barabara kwa mkurugenzi wa halmashauri, lakini tangu Julai 2017 kazi hiyo imo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulio chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Ndiyo maana unaweza kukuta njia panda moja mjini yenye wenye nyumba wawili: barabara pana ni ya TANROADS, mchepuko unaoingia mtaani ni wa TARURA, na kila mmoja ana bajeti yake na mkandarasi wake. Madiwani wamebaki na sauti ya kushauri na kupitia mipango, lakini mhandisi wa wilaya si mtumishi wao tena. Kwa maoni yangu, hilo limeimarisha utaalamu na kupunguza uwajibikaji wa karibu, na bado hatujapata dawa ya hilo la pili.

Mtandao wa TARURA ni mkubwa: zaidi ya kilomita 144,000, karibu mara nne ya ule wa TANROADS. Sehemu kubwa ni udongo, inayofuata ni changarawe, na lami ni kipande kidogo. Kwa hiyo anayesubiri tabaka jipya la lami yumo katika foleni moja na anayesubiri greda ipitishwe, na anayesubiri kalvati ili mtoto avuke mto kwenda shule wakati wa masika.

Fedha za foleni hiyo zinatoka hasa pampuni. Kila lita ya petroli au dizeli ina tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo na dharura, na zisizozidi asilimia 10 ndizo zitumike kwa maendeleo, yaani kujenga kipya. Kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za wilaya. Ulipigiwa kelele sana, kwa kuwa mwenye kilomita nyingi ndiye aliyepata kidogo. Jibu la TANROADS lilikuwa na uzito pia: barabara zake ndizo zinazobeba malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Mwaka 2021 serikali ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Ukijaza lita 40, umechangia shilingi 4,000 kwa njia ya mtaani kwako, ukipenda usipende. Nje ya Mfuko kuna fedha za bajeti kuu ya serikali na za miradi ya mikopo, kama ile ya Benki ya Dunia iliyojenga barabara na mitaro ya Dar es Salaam kupitia mradi wa DMDP. Hizo huja na masharti yake na maeneo yake, na mara nyingi hujenga, hazitunzi.

Sasa tuje kwenye kiini. Barabara ya lami haifi kwa sababu lami imezeeka tu. Nguvu ya barabara imo chini, kwenye matabaka ya kokoto na udongo ulioshindiliwa. Lami ni bati la nyumba, kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie ndani. Jua linakausha lami, inapoteza unyumbufu, nyufa nyembamba zinajitokeza. Mwaka huo barabara bado inapendeza machoni na dereva hasikii kitu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye ufa na kulainisha tabaka la chini. Gari zito linapopita, maji yanasukumwa juu yakiwa na vumbi la kokoto. Ndiyo yale madoa meupe au mekundu unayoyaona pembeni mwa nyufa baada ya mvua. Mhandisi akiyaona madoa hayo anajua msingi umeanza kutapika. Nyufa zinaungana na kufanana na magamba ya mamba, gamba moja linang'oka, na shimo limezaliwa. Kuanzia hapo mambo huenda kwa miezi.

Uzito nao una hesabu yake kali. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 haiharibu mara mbili ya ile ya tani 5. Inaharibu kama mara 16. Kwa hiyo lori la mchanga linalokatiza mtaani kwenda kwenye nyumba inayojengwa linaweza kula maisha ya barabara kuliko magari madogo ya wakazi wote kwa wiki nzima. Barabara nyingi za mitaa hazikusanifiwa kwa ajili yake, na huko ndani hakuna mzani.

Wakala wa barabara wa Afrika Kusini, SANRAL, ulikadiria kwamba barabara ikiachwa bila matengenezo kwa miaka 3, gharama ya kuirudisha hupanda mara 6. Ikiachwa miaka 5, mara 18. Tuchukue mfano wa kubuni. Meneja wa wilaya ana barabara mbili za lami. Ya kwanza ina nyufa nyembamba tu, na tabaka jipya litagharimu fungu moja la fedha kwa kilomita. Ya pili imeoza hadi msingi, na kilomita yake moja inahitaji mafungu 6. Mkononi ana mafungu 6. Akienda kwa kelele za watu, atajenga kilomita moja ya barabara iliyooza na kupigiwa makofi, lakini baada ya miaka 3 ile ya kwanza nayo itakuwa imefikia mafungu 6 kwa kilomita, na wilaya itakuwa na ubovu mwingi kuliko ilivyoanza. Akiwahi ile yenye nyufa, analinda kilomita 6 na kulaumiwa na watu wa barabara ya pili. Uamuzi wa pili ndio sahihi. Kwa barabara iliyooza, anachopaswa kufanya mwaka huo ni kuihakikishia kupitika: kujaza mashimo, kuzibua mitaro, kutengeneza sehemu korofi, na kuiombea fedha za maendeleo.

Ndiyo maana orodha za mwaka zina mafungu yake, na ukisoma bango la mradi utayakuta: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya sehemu korofi, matengenezo ya muda maalumu, na ya madaraja na kalvati. Kurudishia tabaka la lami kumo kwenye muda maalumu, yaani kazi ya kila baada ya miaka kadhaa. Ili barabara iingie huko, hali yake hupimwa, kama ni nzuri, ya wastani au mbaya, taarifa zinaingizwa kwenye DROMAS, mfumo wa taarifa za barabara za wilaya, kisha unaangaliwa wingi wa magari na kile barabara inachofikisha: hospitali, soko, shule, eneo la mazao. Baada ya hapo hushuka ukomo wa bajeti, na hapo ndipo orodha ndefu inapokatwa bila huruma. Mapendekezo hupitia vikao vya wilaya na Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa na wabunge ni wajumbe.

Ukomo ukishuka, siasa huingia, na sisemi hivyo kwa dharau. Anayegawa fedha za umma lazima ajibu kwa umma. Tatizo ni aina ya mgawanyo unaopendwa. Mwaka 2021 serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hakuna mbunge aliyekosa, na katika maeneo mengi kazi ilionekana. Lakini jimbo lenye milima, mvua nyingi na malori ya mazao lilipata sawa na jimbo kavu lenye barabara chache. Kenya walikwenda mbali zaidi na kuliandika jambo hili kwenye sheria: asilimia 22 ya fedha za tozo ya matengenezo ya barabara zigawanywe sawa kwa majimbo. North Horr, jimbo kubwa kuliko yote nchini humo kwa eneo, likahesabiwa sawa na jimbo unaloweza kulizunguka kwa pikipiki kabla ya chakula cha mchana.

Kenya wana somo jingine. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti barabara zao, na tangazo la serikali la 2016 likaainisha kilomita 121,456 kuwa za kaunti kati ya jumla ya 161,451. Fedha hazikufuata mgawanyo huo kwa wepesi. Magavana na wabunge wamevutana mpaka mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo. Wakati huohuo tozo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, na mwaka uliofuata shilingi 7 kati ya hizo zikawekwa rehani ili kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai serikali. Yaani lita inayochomwa leo inalipia barabara ya jana. Deni la makandarasi lilikuwa halali na kampuni zilikuwa zinakufa, lakini matengenezo ya miaka ijayo yamepungukiwa chanzo kwa kiasi hicho.

Turudi kwetu, kwenye jambo linaloharibu hata mpango mzuri: kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni zinatangazwa, mikataba inasainiwa, na mkandarasi anafika kazini vuli ikiwa inabisha hodi. Lami inataka sehemu kavu. Ikimwagwa juu ya tabaka lenye unyevu haishiki, na baada ya miezi michache inabanduka kama ganda. Wilaya inayokamilisha zabuni mapema, ikasaini Julai na kumwaga lami Agosti, inapata barabara ya miaka mingi kwa bei ileile.

Halafu kuna kiraka. Kiraka kizuri utakitambua kwa macho: shimo limekatwa pembe nne, kingo zimesimama wima, ndani mmefagiliwa mpaka hamna vumbi, lami ya kugandishia imepakwa chini na kwenye kingo, mchanganyiko umewekwa kwa matabaka na kushindiliwa mpaka ukalingana na barabara. Kiraka kibaya ni mchanganyiko uliotupwa kwenye shimo la duara lenye maji na kukandamizwa kwa sepetu. Hicho hakivuki masika. Vivyo hivyo mitaro ya mabomba ya maji na nyaya inayokatwa katikati ya lami mpya: ikifukiwa kwa kifusi bila kushindiliwa, kila tairi linalopita linaidumbukiza kidogo, na ufa unaanzia hapo. Kibali cha kukata barabara kinapaswa kuambatana na fedha za kuirudisha, na arudishaye akaguliwe.

Na sisi wakazi hatuna mikono misafi. Mwenye duka anamwaga kifusi mtaroni apate kivuko cha wateja, jirani anaelekeza maji ya kuogea barabarani, chupa za plastiki zinamalizia kazi kwenye mdomo wa kalvati. Maji ya mvua ya kwanza yanapanda juu ya lami na kulala hapo siku mbili. Hakuna tabaka la lami, jepesi wala zito, linalodumu likiwa limelala majini, na mhandisi anayerudishia lami kabla ya kuzibua mtaro anatupa fedha. Kivuko kinaruhusiwa, mradi kiwe na bomba chini lenye upana wa kutosha maji kupita.

Mapendekezo ya bajeti hukusanywa kabla ya Bunge kuanza kupitisha makadirio mwezi Aprili, kwa hiyo anayepeleka malalamiko Mei amechelewa mwaka mzima. Nendeni mapema kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, mumwombe diwani alete orodha ya barabara za kata na hali ya kila moja kama ilivyo kwenye mfumo. Msiulize tu lini lami itakuja. Ulizeni barabara zetu zilizo nzuri mwaka huu zimetengewa kiasi gani zisioze, mitaro ipi itazibuliwa kabla ya masika, na mkandarasi wa mwaka jana alikaguliwa na nani kabla hajalipwa.