Mafuta Yanayoyeyuka Saa Sita

Usiku kopo lilikuwa na krimu nyeupe iliyosimama kama povu. Uliipiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi, ukifuata video ya kwenye simu hatua kwa hatua, ukafunika, ukalala. Kesho yake ni Januari, saa sita mchana, na bati la nyumba hapa Onduparaka halishikiki kwa moto. Unafungua kopo ili umsuke mdogo wako, unakuta mafuta ya kumiminika, manjano hafifu, povu lote limekwenda. Wazo la kwanza ni kwamba yule mama wa sokoni Arua amekuuzia siagi ya shea iliyochakachuliwa. Usimlaumu. Siagi yake ni halisi. Aliyerekodi video ndiye aliyekuwa na siagi ya namna nyingine.

Mshea ni mti mmoja wenye koo mbili. Ukoo wa Afrika Magharibi, unaoanzia Senegal, wataalamu wa mimea huuita paradoxa. Wa kwetu huitwa nilotica, jina lililochukuliwa kwenye mto Nile. Huota Sudan Kusini, sehemu za Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kongo, na kwa Uganda ukanda wake unatoka West Nile, unapita Acholi na Lango, unafika Teso na Karamoja. Ukiteremka kutoka Arua kuelekea Rhino Camp utaiona mishea imesimama katikati ya mihogo na simsim, maana waliofyeka shamba waliiruka kwa makusudi. Walango huyaita mafuta yake moo yao, Waacholi huyaita moo yaa, na wote huyala kwenye mboga kabla hata ya kufikiria kuyapaka.

Tofauti ya koo hizi mbili imo ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta yote yamejengwa kwa asidi za mafuta. Asidi ya steariki imenyooka kama kijiti, na vijiti vilivyonyooka hulala karibu karibu kama mzigo wa kuni uliofungwa vizuri. Ndiyo sababu mafuta yenye steariki nyingi huganda yakawa magumu. Asidi ya oleiki imepinda katikati. Funga mzigo wa kuni zilizopinda uone: unabaki na mianya, na ukitikiswa kidogo unafumuka. Katika siagi ya Afrika Magharibi asidi hizo mbili hukaribiana kwa wingi, na kuna maeneo ambako steariki huzidi. Katika siagi ya nilotica ya Uganda, oleiki peke yake hupita nusu. Kwa hiyo hulegea kwenye nyuzi 30 hivi za joto, na mchana wa kiangazi Arua hupita hapo bila taabu.

Dawa yake iko sokoni hapohapo. West Nile ni nchi ya asali, na penye asali pana nta. Nta ya nyuki haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 62 au zaidi, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kuishikilia siagi isimwagike. Mimi hutumia vijiko 8 vya siagi kwa kijiko 1 cha nta iliyokwanguliwa. Anayetaka kitu kigumu cha kulaza nywele za pembeni au kushikia rasta changa huongeza nta mpaka kijiko 1 kwa 4. Weka vyote kwenye bakuli, na bakuli uliweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Usiweke moja kwa moja kwenye moto, kwa sababu siagi huungua upesi na harufu ya kuungua haitoki tena.

Kinachofuata ndicho wengi hukosea. Wanaepua, wanamimina kwenye kopo, wanaacha lipoe lenyewe. Baada ya siku mbili wanaingiza kidole na kukuta chengachenga, kama uji uliopikwa na mtu asiyekoroga. Ukichukua chenga moja ukaisugua kiganjani, inajikaza kidogo, kisha inayeyuka. Haijaharibika. Siagi ilipopoa polepole, sehemu zenye steariki zilipata muda wa kutafutana. Ziligandana kwanza, zikawa vipunje, na mafuta ya oleiki yakabaki majimaji katikati yao. Usizipe muda huo. Yeyusha upya mpaka isionekane hata chembe moja, kisha tia bakuli ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge bila kuacha. Utaona pembeni pakianza kufifia, mafuta yaliyokuwa angavu yanakuwa na ukungu, mwiko unaanza kuacha alama nyuma yake. Hapo vipunje vimekosa nafasi ya kukua, na ukitaka kuipiga iwe na hewa, piga sasa.

Sasa krimu imesimama, lakini inafanya kazi gani kichwani? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana nimewaona watoto wakipakwa mafuta asubuhi na jioni na nywele zao zinakatika vilevile. Mafuta hayana maji. Kinachoulainisha unywele ni maji.

Unywele ni protini iitwayo keratini, iliyofunikwa kwa magamba membamba yanayolaliana kama vigae vya nyumba. Wenye nywele zilizonyooka wana bahati moja: mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteleza mpaka nchani bila kizuizi. Kwenye nywele za kipilipili yanapaswa kuzunguka kila kona, na mengi hayafiki. Tena unywele wetu ukiukata na kuutazama kwa hadubini, si duara. Umebanwa, unakaribia utepe, na kila unapojikunja pana sehemu dhaifu. Kitana kikavu kikipita hapo, panakatika. Lakini unywele una uwezo wa kunywa maji mpaka karibu theluthi ya uzito wake. Ukinywa, viungo vidogo vinavyoshikilia mikunjo yake hulegea. Watafiti waliopima nguvu ya kuchana waligundua jambo ambalo mama zetu walilijua kwa vidole: nywele zilizonyooka huwa ngumu zaidi kuchana zikilowa, ilhali za kipilipili zikilowa huchanika kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo lowesha kwanza, gawa mafungu, chana kwa vidole au chanuo la meno mapana, ndipo upake siagi. Siagi ni kifuniko cha sufuria. Ukifunika sufuria tupu hujapika kitu.

Wanawake wa Pwani watasema mafuta yao ya nazi hufanya zaidi ya kufunika, na wana haki. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini; ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele zinapooshwa. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni fupi na imenyooka, hivyo hupenya kati ya magamba na kuingia ndani. Oleiki na steariki ni ndefu zaidi, na kazi yao kubwa iko juu ya unywele. Nazi hufika Arua kwa safari ndefu na kwa bei ya safari hiyo. Ukiipata, paka kidogo kabla ya kuosha. Baada ya kuosha, shea inatosha.

Kwa kushikia mtindo, usiende mbali. Chukua bamia changa sita, zikate vipande, zichemshe kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, uzichuje kwa kitambaa safi zikiwa bado za moto, maana zikipoa hazipiti. Inua kijiko: ute unashuka kwa uzi mmoja mrefu, unanyumbuka, haukatiki. Uzi huo ni minyororo mirefu ya sukari, mirefu mno kuweza kuyeyuka kama sukari ya chai, na kila mnyororo umekumbatia maji mengi. Mpake mtoto nywele zikiwa bado mbichi, zisokote mbili mbili, ziache zikauke. Maji yanaondoka na minyororo inabaki, imekuwa utando mwembamba unaozuia msokoto usifumuke. Ukikwaruza kwa ukucha ukaona unga mweupe, uliweka mwingi. Mlenda una ute wa namna hiyo pia.

Ila ute wa bamia ni chakula, na chakula huoza. Kwenye joto letu, bila friji, siku ya pili una harufu, na siku ya tatu umekuwa majimaji kwa sababu bakteria wameikata ile minyororo. Hapa ndipo ningependa kila anayetengeneza vitu vya nywele nyumbani anisikilize. Siagi na nta tupu havina maji, kwa hiyo vijidudu haviwezi kuota humo. Adui wake ni hewa na mwanga, vinavyoyafanya mafuta yachache. Kopo lililofungwa na kuwekwa kivulini hukaa miezi. Lakini pindi unapochanganya maji, chai ya majani, juisi ya mshubiri au maziwa ya nazi, umefungua mlango. Vitamini E haiufungi: yenyewe huzuia mafuta yasichache, haiui bakteria. Limau kidogo nalo halitoshi, wala asali iliyokwisha kuchanganywa na maji. Kinachotosha ni kihifadhi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kupimwa kwa gramu. Usipokuwa nacho, tengeneza cha kutumia leo, au kiweke kwenye friji na ukimwage kabla ya wiki kuisha. Kisichonuka nacho kinaweza kuwa kimeharibika, na kikitiririka kwa jasho mpaka kwenye jicho la mtoto, madhara yake ni makubwa kuliko nywele kavu. Anayetaka kuuza apite kwanza shirika la viwango, UNBS.

Na paka nywele, usipake ngozi. Ile desturi ya kujaza mafuta kwenye mistari ya msuko inawadhuru wenye mba, kwa sababu kuvu iitwayo Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya kichwa ya karibu kila mtu, chakula chake ni mafuta.

Sabuni nayo ina neno. Unywele hutulia kwenye uchachu kidogo, pH 4.5 hadi 5.5. Sabuni ya mche ya kufulia iko kwenye 9 au 10. Magamba huinuka na nywele hukwaruzana. Kijiko cha maji ya limau kwenye lita moja ya maji, kama suuza ya mwisho, huyarudisha magamba yalale. Dawa ya kunyoosha nywele iliyotengenezwa kwa kostiki soda iko mbali kabisa, pH 12 na zaidi, na huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, vikivunjika havirudi. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa makadirio yao, wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Wanaozitumia mara kwa mara, asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, haujathibitisha kwamba moja limezaa lingine. Kwangu mimi inatosha kusita.

Nasema hivi nikiwafikiria wasichana wetu. Shule nyingi za Uganda huwataka wanyoe mpaka wamalize, na nywele huongezeka chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi. Msichana anatoka shuleni akiwa na miaka 18 au 19 na hajawahi kuzijua nywele zake; zinapofika urefu wa kidole zinamchosha, na kopo la dawa liko duka la kwanza. Angefundishwa maji, bamia na siagi wakati bado anakaa kati ya magoti ya mama yake, angekuwa na la kuchagua.

Siagi yenyewe haina uhakika wa kesho. Mshea hungoja miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na mti wake hutoa mkaa mgumu unaowaka muda mrefu, kwa hiyo wachoma mkaa huutafuta. Mei 2023 amri ya rais ilipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwemo. Hata hivyo magunia hayajaisha barabarani, na jiko unalochemshia maji ya kuyeyushia siagi linaweza kuwa linachoma mti uleule uliotoa siagi.

Matunda huanguka kuanzia Mei. Nyama yake ni tamu, watoto huila njiani. Mbegu ikikauka imekufa, kwa hiyo ya kupanda isianikwe. Ifukiwe ikiwa mbichi, ndani ya siku chache. Kisha uvumilie, maana mbegu ya mshea haichipui juu. Hupeleka kitu kama mzizi chini kabisa ardhini, na kutoka huko chini ndiko chipukizi hugeuka na kuanza kupanda. Wiki nyingi hutaona hata ufa kwenye udongo, na wengi huifukua wakidhani imeoza. Usiifukue.