Kansa: tone la damu nyumbani, matokeo kwa muganga

Asubuhi, nchini Uingereza, mgonjwa wa kansa anajichoma ncha ya kidole na kuweka tone la damu katika mashini ndogo iliyo juu ya meza yake. Matokeo yanawafikia waganga kwa intaneti, naye bado hajatoka nyumbani.

Mashini hiyo inaitwa Liberty. Ilitengenezwa na kampuni Entia ya London, na imejaribiwa pamoja na hospitali ya kansa The Christie ya Manchester.

Kwa nini kupima damu kila mara? Dawa za kemoterapi zinaua kansa, lakini zinagonga pia uboho wa mifupa, mahali damu inatengenezwa. Mara nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe zinazolinda mwili zinapunguka. Miongoni mwazo, neutrofili ndizo za kwanza kupigana na mikrobi. Zikishuka chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, ambukizo dogo linaweza kuhatarisha maisha kwa saa chache tu.

Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya dawa kutolewa tena. Mgonjwa aliyechoka anasafiri, anatolewa damu, anangojea labo. Hesabu ikiwa ya chini, anaweza kurudishwa bila dawa. Akipimwa nyumbani, safari hiyo ya bure haifanyiki.

Nchini Marekani, kampuni Leuko, iliyotokana na chuo kikuu cha MIT, inatafuta njia isiyo na sindano. Kamera inatazama mishipa midogo sana karibu na ukucha. Chembe nyekundu zinanyonya mwangaza. Chembe nyeupe zinaonekana kama nafasi tupu zinazopita.

Hata hivyo, mashini haiponyeshi mtu. Panahitajika muganga wa kusoma matokeo, simu inayojibiwa na antibiotiki zilizo tayari.

Mashariki mwa Kongo, wagonjwa wengine huvuka mpaka kutafuta kemoterapi, kwa mfano Butaro nchini Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Wakirudi nyumbani, hatari ya homa inarudi pamoja nao. Na huku, homa yoyote inadhaniwa kwanza kuwa malaria.

Kwa mtu aliye kwenye kemoterapi, dhana hiyo inaweza kugharimu maisha. Kipimo cha joto cha bei ndogo kinasaidia: joto likifika digrii 38, asingojee kesho, wala asimeze parasetamoli ili kwanza aone kama itashuka, maana dawa hiyo inaficha homa. Aende hospitali hata usiku, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe: "Niko kwenye kemoterapi." Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kile cha damu kisisahauliwe.