Mchukua Sampuli Naye Apimwe

Katika sekta ya Muganza, wilayani Rusizi, kwenye uwanda wa Bugarama ulio karibu na mipaka ya Kongo na Burundi, kipo kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza mwaka 1984. Mwaka 2015 kilizinduliwa mtambo mpya wenye uwezo wa kutoa tani 600,000 za saruji kwa mwaka. Kazi ya saruji, popote inapofanyika duniani, ni kazi ya hatari. Miamba hulipuliwa kwa baruti, magari makubwa hupanda na kushuka machimboni, na tanuri huwashwa hata mawe yakapata joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Mtu aliyevuta bangi hana mahali katika kazi kama hiyo, kama vile asivyo na mahali katika ghala la silaha, kwenye usukani wa lori la jeshi, wala kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa usiku.

Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale mtu anaposhukiwa, na ikatakiwa ithibitishwe kwamba kweli ametumia dawa za kulevya. Pombe hupimwa kwa pumzi, na jibu hupatikana papo hapo. Dawa nyingi za kulevya hupimwa kwa mkojo, na mkojo huo hapana budi utiwe katika chupa, upelekwe maabara na usubiri zamu yake. Baina ya mtu na mashine ya mkemia kuna safari, na mwanzo wa safari hiyo umo mikononi mwa mtu mmoja ambaye mara nyingi hafikiriwi kabisa. Huyo ni mchukua sampuli. Akikosea, maabara bora kuliko zote duniani haiwezi kulirekebisha kosa lake.

Nchini Rwanda uzito wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 inamwadhibu hata mtumiaji wa dawa za kulevya, kwa kifungo au kwa kazi za manufaa ya jamii. Kwa mfanyakazi, jibu la maabara laweza kumaanisha kupoteza kazi. Kwa askari, laweza kumaanisha kuvuliwa sare na kuharibika kwa jina alilolijenga kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, jibu la uongo linalomsafisha mwenye hatia laweza kugharimu maisha ya wenzake wanaomtegemea. Makosa yote mawili ni mabaya, na yote mawili yaweza kuzaliwa katika dakika chache za uzembe wa mchukua sampuli.

Majeshi ya dunia yamejifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Juni mwaka 1971, Serikali ya Marekani iliamuru askari wake waliokuwa wakirejea kutoka Vietnam wapimwe mkojo, kwa kuwa heroini ilikuwa imeenea miongoni mwao. Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 26 Mei 1981, ndege ya kivita ilianguka ilipokuwa ikitua juu ya manowari USS Nimitz, na watu 14 wakafariki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba baadhi ya mabaharia waliokufa walikuwa na dalili za bangi miilini mwao. Haikuthibitishwa kwamba bangi ndiyo iliyosababisha ajali, lakini taifa zima lilishtuka. Mwishoni mwa mwaka huo, majeshi ya Marekani yaliruhusiwa kuyatumia majibu ya vipimo kuwa ushahidi wa kumwadhibu askari.

Hapo ndipo udhaifu ulipojitokeza. Maelfu kwa maelfu ya chupa zilianza kumiminika katika maabara, wakati watu wa kuzichukua, kuziandika na kuzipima hawakuwa wameandaliwa kwa wingi huo. Uchunguzi ulioamriwa na jeshi la nchi kavu lenyewe mwaka 1983 uligundua kwamba majibu mengi hayakuwa na kumbukumbu za kutosha kuweza kusimama mbele ya sheria. Mwaka 1984 jeshi hilo lilitangaza kwamba lingewaandikia askari wengi kuwaarifu kuwa huenda vipimo vyao havikushughulikiwa ipasavyo. Baadhi yao walikuwa wamekwisha adhibiwa. Ni dhahiri kwamba miongoni mwao walikuwamo waliovuta bangi kweli na walioonewa, lakini kwa kuwa karatasi zilikuwa na kasoro, hapakuwa tena na njia ya kuwatenganisha. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kutokana na uzoefu wa namna hiyo zilitungwa kanuni kali. Zilizo maarufu zaidi ni zile za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, zinazowahusu madereva wa malori, marubani, wafanyakazi wa reli na wengineo ambao kosa lao laweza kuua watu. Inafaa zielezwe, kwa kuwa zinaonyesha jinsi kazi inayodhaniwa kuwa nyepesi ilivyo na hatua nyingi.

Kwanza, mchukua sampuli huhakikisha kwamba mtu aliye mbele yake ndiye hasa anayetakiwa, kwa kutazama kitambulisho chenye picha. Humwamuru avue koti, atoe vitu vyote vilivyomo mifukoni na kunawa mikono. Chooni, maji hutiwa rangi ya buluu na mabomba hufungwa, ili mtu asiweze kuuzimua mkojo wake. Kisha mtu huyo huachwa faraghani. Anaporudi na chombo, mchukua sampuli ana dakika nne tu za kuangalia joto la mkojo, ambalo lapasa kuwa baina ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mkojo uliofichwa ndani ya nguo tangu asubuhi, au ulionunuliwa kwa mtu mwingine, huweza kushindwa katika kipimo hiki. Joto likiwa nje ya mpaka huo, sampuli ya pili huchukuliwa mbele ya macho ya mwangalizi, na mwangalizi huyo sharti awe wa jinsia moja na mpimwaji.

Kiasi kinachotakiwa si chini ya mililita 45. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, mililita 30 katika chupa ya kwanza na 15 katika ya pili. Chupa ya pili ni haki ya mpimwaji, kwa kuwa akiyapinga majibu aweza kudai ipimwe katika maabara nyingine. Chupa zote mbili hufungwa kwa lakiri mbele ya mwenyewe, naye hutia herufi za jina lake juu ya lakiri hizo. Mtu aliyeshindwa kutoa kiasi hicho hatukanwi wala hafukuzwi. Hupewa maji, yasiyozidi lita moja na robo hivi, na muda wa hadi saa tatu. Mwisho hujazwa fomu ya mfuatano wa mikono, yaani karatasi inayoonyesha chupa imepita kwa nani, lini na kwa madhumuni gani.

Askari polisi hawezi kuiona fomu hiyo kuwa ngeni. Anajua kwamba kielelezo kisicho na maelezo ya mahali kilipolala usiku hugeuka kuwa silaha ya wakili wa mshtakiwa. Mtunza ghala la silaha naye hatoi bunduki bila kuandika namba yake katika daftari. Chupa ya mkojo ni kielelezo kama vielelezo vingine. Namba iliyo kwenye chupa isipolingana na namba iliyo kwenye fomu, lakiri ikionekana imechezewa, au jina na sahihi ya mchukua sampuli vikikosekana, kipimo hufutwa, hata kama mpimwaji alikuwa mlevi wa mchana kweupe.

Kwa sababu hiyo kanuni hizo hazimruhusu mtu yeyote kuishika kazi hii kwa kuwa tu alikuwapo karibu. Mwanafunzi hufundishwa hatua zote, pamoja na namna ya kulinda uhalali wa sampuli na heshima ya mpimwaji. Kisha hujaribiwa. Sharti atekeleze mazoezi matano mfululizo bila kosa hata moja, huku akitazamwa na msimamizi mwenye sifa. Mawili ni ya kawaida. La tatu ni la mtu aliyetoa mkojo pungufu, la nne ni la mkojo wenye joto lisilokubalika, na la tano ni la mtu anayekataa kutia sahihi. Anayefuzu hurudishwa darasani kila baada ya miaka mitano. Na kipimo kikifutwa kwa kosa lake, hufundishwa upya katika muda wa siku 30 na kufanya mazoezi mengine matatu bila kosa. Aliyetunga utaratibu huo alielewa kwamba siku ya kawaida haimpimi mtumishi. Humpima ile siku yenye mabishano.

Afrika Mashariki nayo imeifahamu kazi hii kupitia michezo. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kuunda shirika lake la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, baada ya sifa ya wakimbiaji wake kutiwa doa. Rwanda nayo ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali mwezi Septemba 2025. Kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika mwaka 2021, anayechukua sampuli za wanamichezo hufundishwa na kupewa idhini isiyozidi miaka miwili, na muda huo ukipita bila kuthibitishwa tena haruhusiwi kuchukua sampuli. Ikiwa medali ya mkimbiaji inalindwa kwa uangalifu kiasi hicho, mkate wa mfanyakazi na heshima ya askari havistahili ulinzi hafifu zaidi.

Hapana budi pia kuelewa mipaka ya mchukua sampuli. Yeye si hakimu, si daktari, wala si mkemia. Kipimo cha mkojo huonyesha kwamba dawa imepita mwilini, lakini hakisemi kwamba mtu alikuwa amelewa saa ile alipopimwa. Alama za bangi zaweza kubaki kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku kwa majuma. Dawa halali ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini yaweza kuleta jibu linalofanana na la heroini katika kipimo cha awali. Ndiyo maana kipimo cha awali hufuatwa na kipimo cha uthibitisho kwa mashine, na daktari hukutana na mpimwaji kabla ya uamuzi kutolewa. Mchukua sampuli anayetamka mbele ya watu kwamba fulani "amepatikana" amevuka mpaka wa kazi yake.

Kwa Muganza jambo hili lina sura yake. Rwanda ina maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa kisayansi, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2016 na tangu mwaka 2023 ikiitwa Rwanda Forensic Institute, nayo ina uwezo wa kupima dawa za kulevya. Lakini maabara hiyo iko Kigali, na kutoka Rusizi hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 200, njia ikikata msitu wa Nyungwe. Chupa itakayosafiri umbali huo katika gari, pengine ikapita mikononi mwa dereva, karani na mlinzi, inahitaji lakiri isiyotiliwa shaka na karatasi isiyo na pengo. Kadiri maabara ilivyo mbali, ndivyo mchukua sampuli anavyopaswa kuwa hodari.

Aidha, sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Jibu la maabara si habari ya kusomwa kwenye gwaride wala ya kusimuliwa kantini. Na ni vyema kuiga kanuni ile inayomzuia msimamizi wa moja kwa moja kumchukua sampuli mtu aliye chini yake, isipokuwa hakuna mwingine awezaye. Mkubwa aliyegombana jana na mdogo wake hafai kuishika chupa yake leo. Hata akiitenda kazi kwa haki, hakuna atakayeamini.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo ni gharama, na kwamba muuguzi yeyote aweza kujaza chupa. Ni kweli kwamba muuguzi hodari huchukua sampuli za tiba kila siku. Lakini mgonjwa hana sababu ya kumdanganya muuguzi, wala baada ya kupona hamshtaki mahakamani. Sampuli ya dawa za kulevya huchukuliwa kwa mtu ambaye huenda anataka kudanganya, kwa ajili ya jibu ambalo huenda litabishaniwa. Hiyo ni kazi nyingine, na inadai mafunzo yake. Gharama ya siku chache za darasani ni ndogo kuliko gharama ya kumrudisha kazini mtu aliyefukuzwa kwa karatasi mbovu, na ni ndogo mno kuliko ya kumzika aliyegongwa na dereva aliyeponea kwenye chupa ya mwenzake.

Kamanda, mkuu wa kituo au meneja wa kiwanda anayetaka nidhamu ya kweli hana budi kuanza na swali moja kabla ya kuamuru watu wapange foleni: je, atakayeishika chupa amefundishwa, amejaribiwa, na cheti chake hakijapitwa na muda? Na askari anayeitwa kupimwa ana wajibu wa kutii, lakini ana haki ya kuona lakiri ikifungwa mbele ya macho yake na kulinganisha namba kabla ya kutia sahihi. Kufanya hivyo si ukaidi. Ni kumsaidia mkubwa wake kupata jibu ambalo hakuna mahakama itakayolitupa.